Lushoto inatufaa na sisi wa machimbo

Ndugu Mhariri,

Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema dhahabu hapa Geita, safari ya mwenye nalo inajulikana: Mwanza, na akijiona kafika, Dar es Salaam. Huko anakutana na joto lilelile na kelele za kuzidi makarasha yetu ya kusaga mawe. Naomba nafasi niipigie debe Lushoto.

Ukifika Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, unaiacha lami ya tambarare na kuanza kupanda milima ya Usambara kona baada ya kona, kilomita 30 na ushee, mwamba upande huu, korongo upande ule. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani, walioupa jina la Wilhelmstal, walikimbilia huko kukwepa joto la pwani. Simama Irente, ukingoni mwa milima, uchungulie: kijiji cha Mazinde kiko chini kabisa, mabati yanametameta. Sokoni kuna pichesi na peasi. Julai usiende bila sweta (kwetu vazi hilo ni la watoto wachanga).

Sisi tunaojua thamani ya ngitili, yale malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, tulioona mradi wa HASHI ulioanza 1986 ukirudisha miti Shinyanga, tutauelewa msitu wa Magamba wa huko Lushoto upesi kuliko mgeni yeyote. Ila matangazo ya utalii hayafiki stendi ya Kahama. Yanamsubiri Mzungu uwanja wa ndege. Wenye hoteli wa Lushoto walete vipeperushi huku, na bei waandike kwa shilingi.

Msomaji wako,
Geita