Ziwa Letu Ndani ya Mraba Mmoja

Karo yangu ililipwa na omena wa Sori, Migori. Omena huvuliwa usiku, kwa taa, na usiku ndio saa ya dhoruba: upepo wa nchi kavu hutoka pande zote, hukutana katikati ya Ziwa Victoria, radi zinaanza. Kila bichi, hadi Mbita kule Homa Bay, kuna familia iliyongoja boti ambayo haikurudi.

Sasa wasee, sikieni. Kompyuta nyingi zinazokadiria tabianchi ya miaka ijayo huigawa dunia kwa miraba ya kilomita kama 100. Yaani Muhuru mpaka Mbita, mraba mmoja! Upepo wetu unamezwa humo. Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza iliposhusha mraba hadi kilomita 4.5 kwa Afrika nzima, dhoruba zilionekana vizuri zaidi. Kumbe inawezekana. Swali ni nani analipa, na nani anapanga.

Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi ulianza 1980. Kongamano lake kuu lilifika Kigali 2023. Poa. Lakini kuwa mwenyeji wa mkutano si kushika kalamu.

Serikali za Afrika Mashariki zinunue kompyuta zao, ziajiri vijana wetu waliosomea haya. Na mvuvi aulizwe kabla miraba haijachorwa, si kuitwa baadaye apewe soda na fulana. Mjomba wangu ana swali moja tu: dhoruba zikizidi, boti amrithishe mwanawe, au aiuze?

Nani atamjibu?