Misuli ya nyuma ya paja haingoji mashine

Vijana wetu wa Itiryo wakirudi kutoka mjini hutusimulia habari za jimu: mtu hulala kifudifudi kwenye mashine, akakunja magoti na kuvuta uzito kwa visigino. Ni zoezi zuri, hatulipingi. Tunalopinga ni wazo kwamba asiye na mashine hana la kufanya.

Misuli hiyo hushuka kutoka mfupa wa kukalia hadi chini ya goti. Ndiyo huuzuia mguu unaporushwa mbele katika mbio. Usain Bolt mwenyewe aliumia hapo mwaka 2017 jijini London, katika mbio zake za mwisho. Sembuse kijana aliyeshinda shambani, akaingia uwanjani jioni bila kupasha mwili moto?

Piga magoti juu ya gunia lililokunjwa, mwenzako akushike vifundo vya miguu. Inama mbele polepole, mwili umenyooka toka magoti hadi kichwa, ukijizuia usianguke. Ukishindwa, jipokee kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zatosha kwa kuanzia, siku 2 kwa juma. Kesho yake mapaja yatauma kidogo. Uchunguzi kwa wanasoka wa Denmark, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa zoezi hili hupunguza sana majeraha hayo.

Aliyekwisha kuchanika asikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku za kwanza, jambo tunaloliona mno pembeni mwa uwanja. Apumzike, awekewe kitambaa cha maji baridi. Akishindwa kukanyaga, aende zahanati. Nao makocha wasimrudishe kabla hajaweza kukimbia kwa kasi bila maumivu, hata kama Jumapili ni fainali.