Donna Anna Alijitakia Nini?

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, kikundi chetu cha watu wanne kilipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili muhtasari wa opera ya Mozart iitwayo Don Giovanni. Kwanza tulitazama rekodi ya onyesho la Royal Opera ya London la mwaka 2014. Kisha tukakaa kuandika, tukakwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa: huyu Don Giovanni tumwite nani? Mwenzetu kutoka Tanzania alisema ni mkware. Mwingine akasema ni kiwembe, tukacheka. Mimi nilipendekeza mtongozaji, neno lenye staha kidogo, linaloweza kusomwa mbele ya wahadhiri. Tulipiga kura, mtongozaji akashinda, na kazi yetu ikapata alama nzuri. Ninaandika insha hii ili kuifuta kura yangu.

Kutongoza, ndugu wasomaji, ni kazi ya maneno. Anayetongoza hubembeleza, husifu, huahidi, hata hudanganya; lakini mwishowe hunyamaza na kusubiri jibu. Jibu likiwa hapana, ameshindwa, na huenda zake na aibu yake. Mtu asiyesubiri jibu hatongozi. Ana jina jingine, na Kiswahili kinalo. Kwa hiyo swali la kuulizwa ni moja: je, Don Giovanni husubiri jibu? Nimerudi kwenye matini ya Lorenzo Da Ponte, aliyeandika maneno ambayo Mozart aliyatungia muziki, na nimeona kwamba linajibiwa mapema, katika tukio la kwanza.

Opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Prague, tarehe 29 Oktoba 1787. Pazia linapofunguka ni usiku. Mtumishi Leporello analinda nje ya nyumba, akinung'unikia kazi isiyo na mapumziko, huku bwana wake yumo ndani. Ghafla Don Giovanni anatoka mbio, ameficha uso, na Donna Anna amemng'ang'ania. Binti huyo anasema hatamwachia labda amuue, na anaita watumishi waje kumsaidia. Baba yake, mzee anayejulikana kama Commendatore, anatoka na upanga kumtetea. Don Giovanni anamuua.

Yanayofuata ni mazungumzo mafupi sana, na kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa opera nzima. Leporello anatokea gizani na, kwa mzaha wa mtu aliyezoea, anamhesabia bwana wake kazi mbili za usiku huo: kumlazimisha binti na kumuua baba. Anayelitumia neno hilo la kulazimisha ni mtumishi wake mwenyewe, wala si adui. Don Giovanni anajitetea kwamba mzee alijitakia. Ndipo Leporello anapouliza: na Donna Anna je, yeye alijitakia nini? Bwana hajibu. Anamwamuru anyamaze na kumfuata, la sivyo naye atakuwa amejitakia.

Swali la mtumishi yule limebaki bila jibu kwa zaidi ya miaka 230. Ugomvi wangu ni na watu waliojitolea kulijibu kwa niaba ya bwana. Mwaka 1813 mwandishi wa Kijerumani E.T.A. Hoffmann alichapisha hadithi yake iitwayo Don Juan, ambamo Donna Anna anafasiriwa kuwa aliungua kwa mapenzi ya mtu yule yule aliyemvamia. Hadithi ni hadithi, na mwandishi ana haki ya kubuni. Lakini dhana hiyo ilitoka kwenye hadithi ikapanda jukwaani, na mpaka leo wapo waongozaji wanaoishika kana kwamba imeandikwa na Da Ponte.

Onyesho la London tulilolitazama, lililoongozwa na Kasper Holten, ni mfano mmoja. Donna Anna pale anaonyeshwa kama mwanamke aliyeridhia. Sasa fikirini maana yake. Baadaye katika sehemu ya kwanza, Donna Anna anamsimulia mchumba wake, Don Ottavio, mambo ya usiku ule: mwanamume aliyejifunika joho aliingia chumbani kwake, kwanza alidhani ni Ottavio, mtu yule akamkumbatia, alipojaribu kujinasua alikazwa zaidi, alipopiga kelele, mkono mmoja ulimziba mdomo na mwingine ukambana. Ni ushahidi wenye mpangilio, wa mtu anayekumbuka mkono upi ulikuwa wapi. Mwongozaji hakubadilisha neno hata moja la ushahidi huo. Alichobadilisha ni kimoja tu, kwamba sisi watazamaji tusimwamini anayeutoa. Tayari tumeshaonyeshwa kwamba ni mwongo.

Najua utetezi unaotolewa. Wanasema kwamba kumfanya Donna Anna aridhie ni kumpa mwanamke uhuru wa kutamani, badala ya kumweka jukwaani kama kondoo wa kuchinjwa. Hoja hii si ya kipuuzi, na kwa siku kadhaa ilinishika. Lakini tazameni bei yake. Uhuru gani huo ambao mwanamke hupewa kwa kunyang'anywa ukweli? Wakitaka mwanamke mwenye matamanio, opera yenyewe inaye: ni Donna Elvira, anayempenda Don Giovanni waziwazi, anamtukana, anamsamehe, na bado anakuja kumsihi abadili maisha yake. Hakuna haja ya kumgeuza mwingine kuwa mwongo ili kupata mmoja mwenye moyo.

Utetezi wa pili husema kwamba hii ni kazi ya kuchekesha. Ni kweli, inachekesha, na hapo ndipo ninapoona aibu. Leporello anamfungulia Elvira daftari la wanawake wa bwana wake: Italia 640, Ujerumani 231, Ufaransa 100, Uturuki 91, na Hispania 1,003. Jumla yake ni 2,065. Katika onyesho la London majina yao yanaandikwa kwa mwanga juu ya kuta za jukwaa mpaka nyumba nzima inafunikwa. Darasani tulicheka, mmoja akapiga makofi. Lakini nani anasomewa orodha hiyo? Anasomewa mwanamke aliyeitwa mke kule Burgos na kuachwa baada ya siku tatu. Nao wimbo wenyewe hauishii kwenye hesabu. Unasema kwamba vikongwe huwekwa kwenye orodha kwa raha ya kuirefusha tu, na kwamba anachokipenda hasa ni kijana asiyejua lolote bado. Tuliposikia hayo tulikuwa bado tunacheka, kwa sababu muziki ni mtamu. Nadhani Mozart alijua tutacheka. Sina hakika kama alitaka tuondoke ukumbini tukiwa bado tunacheka.

Jambo jingine ambalo mabango ya maonyesho hayasemi ni hili: ndani ya opera yenyewe hatuoni hata mara moja Don Giovanni akifanikiwa. Anapomwona Zerlina, msichana wa kijijini, siku ya sherehe ya harusi yake, anamwondoa bwana harusi Masetto kwa amri ya ukubwa wake, kisha anamwahidi Zerlina ndoa. Hapo anatongoza kweli, nakubali, na wimbo wao wa pamoja ni miongoni mwa nyimbo nzuri nilizowahi kusikia. Lakini Elvira anawakatiza. Baadaye, katika karamu nyumbani kwa Don Giovanni, anamvuta Zerlina chumba cha pembeni, na kelele za msichana zinasikika mpaka ukumbini. Watu wanakwenda kuuvunja mlango. Naye bwana mkubwa anafanya nini? Anamkamata Leporello na kujifanya kwamba mtumishi ndiye mkosaji. Maneno matamu yaliposhindwa, ulifuata mkono. Mkono uliposhindwa, alisingiziwa maskini.

Huyu ndiye wanayemwita shujaa wa uhuru. Ni kweli kwamba katika karamu ile kila mtu anaimba kuusifu uhuru. Lakini ni dakika chache tu kabla ya kelele za Zerlina. Uhuru unaoimbwa na mwenye nyumba, mwenye upanga na mwenye watumishi ni uhuru wake yeye. Wengine wana uhuru wa kukimbia, kama mlango haujafungwa.

Wazee waliomtunga mtu huyu hawakuwa na shaka juu ya jina lake. Tamthilia ya Kihispania ya karne ya 17 inayohusishwa na Tirso de Molina inamwita burlador, yaani laghai, mtu wa kuwafanyia wengine mzaha mbaya. Da Ponte na Mozart nao waliipa opera yao jina refu zaidi kuliko hili tunalolitumia: Mpotovu Aliyeadhibiwa, au Don Giovanni. Sisi wa baadaye ndio tuliolikata jina, tukauacha upotovu na adhabu, tukabaki na mwanamume na sifa zake. Tafsiri yangu ya mtongozaji ilikuwa mkasi mwingine juu ya jina lile lile.

Huenda mtu akauliza haya yanatuhusu nini sisi tunaosoma Kiswahili hapa Kampala, ambako Mozart hana deni na mtu. Nitajibu kwa jambo moja. Mwaka jana katika bweni letu zilivuma habari za msichana mmoja wa mwaka wa kwanza. Habari zenyewe sitazisema, kwa kuwa si zangu kuzisema. Nitasema tu tulivyozipokea. Tulikuwa vijana watano tukinywa chai, na swali la kwanza lilikuwa: alifuata nini chumbani kwa mtu saa nne usiku? Mmoja wetu akajibu, alijitakia. Aliyejibu ni mimi.

Sikulikumbuka neno hilo nilipokuwa nikitazama opera. Nililikumbuka nilipokuwa na matini mkononi, natafuta Kiswahili cha utetezi wa Don Giovanni juu ya maiti ya mzee. Nilijaribu alitaka, nikajaribu alipenda mwenyewe. Neno sahihi lilikuwa moja tu, nalo nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Sisemi opera hii ifungiwe. Asiyeionyesha hawezi kuusikia muziki ule wala swali la Leporello. Ninachosema ni kwamba kampuni inayoionyesha imwache Donna Anna aseme na aaminiwe, kama matini inavyomruhusu. Inawezekana. Onyesho la Ivo van Hove lililofika Metropolitan Opera ya New York mwaka 2023 lilimweka Don Giovanni mbele ya watu kama mkatili bila kumremba, na muziki haukupungua hata sauti moja.

Kwa upande wangu, nimemwomba mhadhiri aniruhusu nirudishe kazi yetu ikiwa na sentensi mpya ya kwanza: Don Giovanni ni bwana mkubwa anayehadaa akiweza na kulazimisha akishindwa. Amekubali, ila amesema alama haitabadilika. Sawa. Alama haikuwa shida yangu.

Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Siku mtakapomsikia mtu akisema alijitakia, hata kama ni rafiki, hata kama ni mimi, muulizeni kama alivyouliza mtumishi yule gizani: alijitakia nini? Na mkiambiwa mnyamaze, msinyamaze.