"HAKIKUONEKANA" SI SAWA NA "HAKIPO"

Ndugu Wanachama,

Neno ninalolileta mbele yenu ni neno la daftari, nalo latuhusu sisi makarani kuliko watu wengi. Mtu akohoaye kwa majuma mawili hupeleka makohozi yake kupimwa. Kijidudu cha kifua kikuu kisipoonekana, husomewa kwamba hana ugonjwa, akarudi nyumbani kwa watoto wake. Nasema hukumu hiyo yapita ushahidi wake. Kijidudu hakikuonekana, wala haijathibitika kuwa hakipo.

Daktari Robert Koch alikitangaza kijidudu hicho mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tangu zama hizo hadubini imekuwa jicho la waganga. Walakini jicho hilo lina mpaka wake. Ili mpimaji akione, yapasa mililita moja ya makohozi iwe na vijidudu wapata 5,000 hata 10,000. Makohozi ya watoto, na ya wenye Virusi vya Ukimwi, mara nyingi hayafikii hesabu hiyo, ingawa ugonjwa unawala. Basi walio wanyonge ndio wanaopitwa.

Njia za kuwapata zipo. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na kipimo chake cha Ultra, kilichopendekezwa mwaka 2017, hutambua hata vijidudu 16 hivi katika mililita moja. Lakini si kila zahanati iliyo nayo. Huko Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2007, wamewatumia panya buku waliofundishwa kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa zahanatini. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20. Anayoionyesha hupimwa tena kwa njia zilizokubaliwa, kwani ushahidi wa panya peke yake hautoshi kumpa mtu dawa. Kwa njia hiyo wamegunduliwa maelfu ya wagonjwa ambao hadubini iliwapita.

Wako watakaosema kupima mara mbili ni gharama. Nawajibu kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa aweza kuwaambukiza watu 5 hata 15 katika mwaka mmoja. Gharama ipi iliyo kubwa?

Lakini kipimo cha pili ni bure ikiwa mwenyewe hapatikani. Jibu limebadilika, na daftari lasema "Juma, Morogoro" tu. Nani atamfikia Juma huyo? Mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, na walioandikwa ni milioni 8.2. Zaidi ya milioni mbili hawakugunduliwa au hawakuandikwa. Sehemu ya pili ya upungufu huo ni ya kalamu, wala si ya hadubini.

Kwa hiyo naomba chama chetu kishike mambo mawili. Kwanza, tuwasihi wakubwa wa idara ya afya kwamba makohozi ya kila akohoaye, yasipoonyesha kitu, yapelekwe kupimwa kwa njia iliyo kali zaidi. Pili, kila karani wa zahanati aandike jina la mgonjwa na la babaye, mtaa wake, balozi wake na nambari ya simu. Mstari huo mmoja huenda ukawa ndio utakaomrudisha mtu kwenye dawa kabla hajachelewa.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
Karani