Ridhaa Imesahauliwa

Husemwa mara nyingi, sokoni Rumonge penye ndagala na mawese, na hata miongoni mwetu walimu, kwamba Warundi wamekwisha kutoa maoni yao juu ya ndoa, na kwamba neno hilo limekwisha. Sisi twakataa.

Katiba ya 2005, iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 28 Februari, ilitaja ndoa katika ibara ya 29. Katiba ya 2018, iliyokubaliwa tarehe 17 Mei kwa takriban asilimia 73 ya kura, iliyashika maneno hayo. Lakini mpiga kura aliulizwa swali moja tu juu ya katiba nzima: ndiyo au la. Aliyejibu akiwaza amani, na aliyejibu akiwaza muhula wa rais, ni yupi kati yao aliyeulizwa habari ya ndoa? Huko Ayalandi, mwaka 2015, watu waliulizwa swali la ndoa peke yake. Jibu lao, tulipende tusilipende, lajulikana. Letu halijulikani.

Tena ibara hiyo ina mambo matatu: uhuru wa kuoa na kumchagua mwenzi, ridhaa huru na kamili ya wote wawili, na katazo la ndoa ya watu wa jinsia moja. Kila mtu hulijua la tatu. Mbona yale mawili ya kwanza hayatajwi? Ni kwa sababu la tatu twadhani lawahusu wengine, na yale mawili yatuhusu sisi: yamhusu baba apokeaye mahari kabla hajamwuliza binti.

Sheria ya familia ya 1993 yataka mwanamke awe na miaka 18 na mwanamume 21, nayo yakataza mitala. Mwaka 2017 serikali iliamuru wanaoishi pamoja waandikishe ndoa zao kabla mwaka haujaisha. Mke wa pili wa pwani yetu, aliyeolewa kwa nikahi mbele ya mashahidi, angeandikishwa wapi? Na mume akifa, atadai nini?

Watatuuliza: mwalimu wa lugha na katiba, wapi na wapi? Twajibu: ridhaa ni neno, na asiyefundishwa neno hawezi kudai maana yake. Basi, walimu wenzetu, tuisomeshe ibara ya 29 yote, tukianzia mwanzo wake.