Usimkabidhi Kijana Pikipiki Kabla Hajafundishwa Kuendesha Kwenye Tope

Mmezoea kwamba ikikaribia Novemba naandika habari za ukungu wa viazi. Leo naandika habari za pikipiki, na nitaandika kwa ukali kidogo, kwa sababu kila kifuku tunauguza vijana wa vijiji vyetu, wengine tunawazika, halafu tunarudi shambani kana kwamba ni mvua ya mawe iliyopita.

Ninaowasema leo siyo vijana wa kijiweni. Hao wanasemwa vya kutosha. Nawasema wenye pikipiki: mkulima aliyeuza viazi, mama wa duka la pembejeo, mnunuzi wa parachichi, mwalimu aliyechukua mkopo. Ninyi ndio mnaoshika ufunguo.

Mambo yanakwenda hivi, na kila msomaji hapa anayajua. Mtu anashuka Makambako na pesa ya mavuno, ananunua pikipiki mpya. Analipia kadi, analipia bima ndogo, anafunga bampa na karia ya chuma. Kisha anamkabidhi mtoto wa kaka yake aliyejifunza jioni mbili kwenye uwanja wa mpira, mwezi wa nane, ardhi ikiwa kavu kama sakafu. Wanapatana hesabu ya siku. Kijana anapakia gunia la kwanza wiki hiyohiyo. Mvua inapoanza, ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kugusa breki kwenye udongo uliolowa, na nyuma yake kuna abiria, na abiria ana mtoto mgongoni.

Mwenye pikipiki ukimuuliza kwa nini hakumpeleka kijana chuoni, anakujibu: "Pikipiki inajifunzwa kwa kuendesha. Hata mimi sikufundishwa na mtu."

Sawa. Na viazi je? Babu zetu walilima bila dawa ya ukungu, lakini leo hakuna mkulima mwenye akili wa Uwemba au Matembwe anayesubiri majani yaanze kuoza ndipo atafute mankozebu. Mmeshaelewa kwamba dawa ya kinga inapigwa kabla ya ugonjwa kuingia, na kwamba ukisubiri madoa umechelewa. Hamsemi ukungu ni mpango wa Mungu. Mnapiga dawa na mnasali pia. Kwa nini kwenye pikipiki iliyogharimu zaidi ya mbegu, mbolea na dawa za msimu mzima, tunabaki na sala peke yake?

Sheria iko wazi. Pikipiki inataka leseni ya daraja A, na leseni inataka mtu awe amepita chuo cha udereva kinachotambuliwa na kufaulu majaribio. VETA wanafundisha, na vipo vyuo binafsi. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria, maana nafahamu pia kuna "mafunzo" ya kulipa ada, kuacha picha mbili za pasipoti na kurudi Ijumaa kuchukua cheti. Kijana anakaa darasani, anaonyeshwa alama za barabarani ukutani, anazikariri, basi. Alama ni muhimu, hasa pale Makambako ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Ila alama ya ukutani haimfundishi mtu namna ya kushuka kilima chenye tope akiwa na kilo mia nyuma.

Niwe mkweli hapa, maana wapo watakaonijibu kwamba hata mafunzo hayasaidii. Mwaka 2010 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za afya za nchi mbalimbali na kuzipima, walitoa mapitio kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki. Walisema tafiti zilizopatikana zilikuwa dhaifu mno kuthibitisha kwamba mafunzo yanapunguza ajali, au kusema aina gani ya mafunzo ni bora. Kwa upande wa kofia ngumu hawakusita: mapitio yao ya mwaka 2008 yalionyesha kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mimi nayasoma hayo namna hii. Kofia kwanza, haina mjadala, ya dereva na ya abiria. Halafu tusidanganyane na cheti. Mafunzo ninayoyapigania ni yale ambayo kijana anatoka na matope kwenye magoti.

Yaani mafunzo gani? Ngoja nieleze kirefu kidogo, ili mwenye pikipiki ujue unalipia nini na uweze kumuuliza mwalimu maswali.

Kijana wetu aliyejifundisha mwenyewe ana tabia moja inayofanana Njombe nzima: anaogopa breki ya mbele. Aliambiwa uwanjani kwamba itampindua, kwa hiyo anakanyaga ya nyuma tu. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, kwa sababu uzito unahamia mbele unapopunguza mwendo. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji mita nyingi zaidi, na mara nyingi tairi la nyuma linafunga, linaserereka pembeni. Kwenye tope mambo yanabadilika. Ukiibana ya mbele ghafla, tairi linaacha kuzunguka, usukani unakuwa hauna kazi, unalala chini kabla hujajua. Kwa hiyo mkono unatakiwa kujua kubana polepole, kuongeza kidogo, kuachia kidogo, na kutumia breki zote mbili kwa kiasi tofauti kulingana na ardhi. Hilo haliandikwi ubaoni. Mkono unalijua baada ya kulirudia mara thelathini mahali ambapo ukianguka unacheka na kuinuka.

Mwendo nao. Kwenye kilomita 40 kwa saa pikipiki inakwenda kama mita 11 kila sekunde. Kwenye 60 ni karibu mita 17. Ile sekunde moja ya kushtuka, kabla vidole havijafika kwenye breki, tayari umekula mita hizo. Halafu ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki zenyewe hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, na kwenye maji ni zaidi ya hapo. Sasa weka ukungu wetu wa asubuhi, ule ambao huoni ng'ombe mpaka uguse pembe, na baridi ya Juni na Julai inayoganda vidole. Vidole vilivyoganda vinachelewa. Glavu siyo urembo, ndugu zangu.

Mvua ikianza kunyesha kwenye lami, dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, maana maji yanainua mafuta na vumbi yanakuwa utelezi. Mtu aliyefundishwa anapunguza mwendo hapo hapo, au anasimama chini ya kibaraza robo saa barabara ioshwe. Aliyejifundisha anaongeza mwendo ili asilowe. Michoro myeupe ya barabarani inateleza. Mbao za daraja zinateleza kuliko tope lenyewe, na zinavukwa moja kwa moja, bila breki, bila kukata kona juu yake. Ukivuka kijito maji yakaingia kwenye breki za ngoma, unazibana taratibu ukiwa unatembea mpaka zikauke, ndipo uziamini.

Kwenye barabara zetu za udongo mwekundu kuna makorongo yanayoachwa na malori ya mbao na magogo. Tairi la mbele likiingia kwenye korongo, dereva asiyejua anapindua usukani kwa nguvu kutoka. Hapo ndipo miguu inavunjika. Anayejua anabaki ndani, anapunguza mwendo, anatokea pale ukingo ulipo mfupi, au anashusha abiria atembee. Kumshusha abiria kwenye mtelezo ni ustadi, na abiria wetu tuache kununa tukiambiwa tushuke.

Kuna hili la kushuka mlima kwa kuweka fri, injini imezimwa, eti kubana mafuta. Nimewaona wengi wakishuka hivyo na magunia. Injini ikiwa kwenye gia ya kwanza au ya pili inakushikia mzigo bila kufunga tairi, nayo kwenye tope ndiyo breki bora uliyonayo. Unaitupa kwa kuokoa kijiko cha petroli!

Na mzigo wenyewe. Lumbesa ya viazi imekatazwa kwa sababu inamwibia mkulima, na bado tunaipandisha kwenye pikipiki. Gunia kubwa likikaa nyuma kabisa ya karia, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, halishiki ardhi, usukani unaelea. Kwa sisi wa Njombe mafunzo yafanyike pikipiki ikiwa imepakiwa, hata kama ni magunia ya mchanga. Wafanyabiashara wa parachichi mnajua wenyewe: tunda lililogongwa halipiti kwa mnunuzi wa nje, kwa hiyo hata kuanguka ambako kijana anatoka mzima kunakula faida ya safari kadhaa.

Makambako ina shida yake. Pale kwenye barabara kuu malori ya kwenda Zambia yanakupita yakikumwagia maji machafu usoni, na upepo wake unakusukuma. Kijana aliyezoea njia za Lupembe anashtuka, anakamata breki katikati ya maji. Hilo nalo linafundishika: shika usukani bila kukakamaa, legeza mafuta kidogo, usibane chochote mpaka uone mbele.

Sijasahau ulanzi. Unatoka kwa wingi kifuku hichohicho, wakati barabara ni mbaya kuliko wakati wowote. Hakuna mwalimu wa pikipiki duniani anayeweza kumfundisha mtu kuendesha na ulanzi tumboni. Mwenye pikipiki anayempa kijana wake hesabu ya siku kubwa kiasi kwamba lazima akimbize mpaka saa nne usiku, kisha anamshangaa kwa kunywa ili asisikie baridi, ajitazame.

Nazijua pingamizi zenu nyingine. Moja ni gharama. Mkiwa kikundi, gharama inagawanyika. AMCOS au VICOBA yenye wanachama ishirini wenye pikipiki inaweza kumleta mwalimu anayetambuliwa mpaka kijijini, akaja na trafiki wa wilaya, wakakaa siku kadhaa, badala ya kila mmoja kumpeleka kijana wake mjini kulala nyumba ya wageni. Uwanja mnao, kilima mnacho, tope Mungu analeta bure. Upande wa pili weka paja lililovunjika: miezi mitatu mpaka sita kabla mtu hajarudi kwenye kazi nzito, nayo ikianzia Desemba imemaliza kupalilia, kupiga dawa na kuvuna. Weka ndugu wa kumuuguza. Weka pikipiki iliyolala kituoni. Weka na bima ile mliyolipia, ambayo swali lake la kwanza litakuwa kama dereva alikuwa na leseni.

Nyingine nimeambiwa na mzee mmoja ninayemheshimu sana: "Nikimfundisha kijana, akishapata leseni atanikimbia aende kwa tajiri mwingine." Inawezekana, mzee wangu. Mwandikie mkataba, gharama ya mafunzo ihesabiwe kwenye hesabu zake kidogo kidogo. Lakini kumwacha mtu bila ujuzi ili asikukimbie, huko siyo kufuga mbwa kwa kamba? Huyo ni mtoto wa jirani yako.

Na sisi watumishi tusijitoe. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima, na zimetusaidia kufika vijiji ambavyo zamani tulifika mara moja kwa msimu. Kola ya serikali haizuii tairi kuteleza. Tunaomba bajeti za mafuta kila robo mwaka. Tuombe na za mafunzo ya kuendesha kifuku, tukae kwenye mstari mmoja na bodaboda, tujifunze pamoja nao.

Mfanyabiashara usiye na pikipiki, nawe una nguvu. Unapokodi bodaboda wa kupeleka mzigo wako Makambako, muulize leseni, tazama tairi kama siyo kipara, uliza kofia ya abiria iko wapi. Mama, usikae upande mvua ikinyesha, na kanga ifungwe mbali na cheni. Ukiona wanataka kupanda mshikaki, ngoja inayofuata. Bei ya yule aliyefundishwa ikizidi kidogo, mlipe.

Vikundi vinavyotaka mwalimu aje, leteni ofisi ya kata majina ya madereva wenu, namba za pikipiki, na nani ana leseni na nani hana. Nitawaunganisha na chuo na dawati la usalama barabarani. Mazoezi yenyewe tuyapange mvua za kwanza zikishanyesha mara mbili tatu, kilima kikiwa kimelowa, kabla magunia hayajaanza kutoka shambani. Kila mmoja aje na kofia yake na nguo za kuchafua.