Tahariri: Kura Isivunje Ujirani



Wapendwa waamini, mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa nchini mwetu mwaka 1992, na Uchaguzi Mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ukafanyika Oktoba 1995. Tangu hapo tofauti za vyama ni sehemu ya maisha yetu. Tofauti hizo si dhambi. Dhambi huingia pale jirani anapogeuzwa adui.

Kwetu Bulyanhulu jambo hili lina uzito wa pekee. Dhahabu imewakutanisha mkulima, mchimbaji mdogo, mfanyakazi wa mgodi na mama lishe, kila mmoja na kwao. Aliyepoteza shimo lake Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa, hamsikilizi mgombea kwa sikio lilelile la mtu anayelipwa mshahara na mgodi. Yaliyotokea wakati ule yamebishaniwa kwa miaka mingi, hata majukwaani. Kabla ya kumdhihaki mwenzako kwa chama chake, muulize kwanza ameumia wapi.

Wazee wanakumbuka jinsi sungusungu walivyoanza katika maeneo ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kuwakabili wezi wa ng'ombe. Adhabu yao mojawapo ilikuwa kumtenga mkosaji: asisalimiwe wala asisaidiwe. Je, ni haki adhabu ya mwizi apewe mtu kwa sababu ya kadi ya chama? Anayekataa kwenda kwenye msiba wa jirani kwa ajili ya siasa amemhukumu mtu asiye na kosa.

Bwana wetu aliwaita katika wale Kumi na Wawili Mathayo mtoza ushuru, aliyekusanya kodi chini ya utawala wa Warumi, na Simoni aliyeitwa Zelote (Lk 6:15). Wote wawili walikula meza moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965 (na. 28), unatudai heshima na upendo kwa wale wanaofikiri tofauti nasi katika mambo ya siasa.

Lakini tusidanganyane: ustaarabu si ukimya. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo, na msiba wa namna hiyo haufutwi kwa kuambiana tunyamaze. Mkristo anadai ukweli, anadai fidia ya haki ya ardhi, anawauliza viongozi mapato ya dhahabu yametumikaje. Anayadai hayo bila matusi, bila uongo na bila ngumi. Ulimi unaomsifu Mungu Jumapili usimlaani Jumatatu mtu aliyeumbwa kwa mfano wake (Yak 3:9-10).

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kazi hii inaanzia kwenu. Sare na kadi za chama zibaki nje ya mkutano wa sala. Uvumi usipite kabla ya kuhakikishwa. Kura ni siri, basi asihojiwe mtu alimpa nani. Na waliokosana kwa ajili ya uchaguzi uliopita wapatanishwe sasa, kabla kampeni nyingine hazijaanza.

Mbunge hukaa miaka mitano. Jirani ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Amani ya Kristo iwe nanyi.